Pisana Juu ya Mti wa Jozi

Siku paka alipopanda mti, Bibi Velika alikuwa uani akichoma pilipili hoho. Mwezi wa Septemba kijiji kizima cha Krushitsa hunuka pilipili hoho za kuchomwa, na shuka zinazoanikwa siku hizo hubaki na harufu hiyo mpaka Krismasi. Kazi yenyewe haitaki haraka. Unaishika pilipili kwa kikonyo, unaigeuza juu ya bati la moto mpaka ngozi iwe nyeusi na ianze kupasuka, kisha unaitia kwenye sufuria na kuifunika ili itoke jasho. Ikishatoka jasho unaimenya kwa vidole, na vidole vinaungua, na unaendelea. Bibi Velika alikuwa ameendelea hivyo tangu asubuhi. Chupa za kutilia zilikuwa zimeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa safi. Paka wake, Pisana, alikuwa amelala juu ya mfuniko wa kisima, mahali jua linapochelewa kuondoka.

Akatua ndege mweusi mwenye tumbo jeupe kwenye mti wa jozi ulio mbele ya lango. Pisana akamfuata. Ndege akaruka zake. Paka hupanda kwa makucha lakini hushuka kwa akili, na Pisana, ingawa alikuwa paka mzuri wa mistari ya kijivu, akili hakujaliwa nyingi. Alikaa kwenye tawi, akatazama chini, akaanza kulia.

Mti huo aliupanda marehemu Danail, mume wa Bibi Velika, mwaka aliozaliwa mtoto wao wa pekee, Milko. Watu walimkanya. Krushitsa hakuna asiyejua kwamba apandaye mti wa jozi hufa siku shina linapofikia unene wa shingo yake. Danail alicheka, akapanda, akamwagilia, na shina lilipofikia unene wa shingo yake akafa, siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Shingo yake ilikuwa nyembamba. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuukata. Na kwa kuwa uko kwenye njia ya kwenda dukani na kanisani, ndipo watu wanapobandika matangazo ya wafu wao: karatasi yenye picha, jina na maneno machache, ya siku arobaini, ya nusu mwaka, ya mwaka, na kuendelea kwa kadiri waliobaki wanavyokumbuka. Tangazo la Danail lilikuwa usawa wa macho ya mpita njia, chini kidogo ya dirisha la jiko, maana nyumba imejengwa juu ya ghala la mvinyo. Bibi Velika alilibadilisha kila mwaka lisichujuke. Pichani Danail amevaa tai aliyoiazima.

"Pisana, shuka. Shuka mama, kuna maziwa."

Pisana hakushuka. Kelele zake zilimtoa nje Gancho, jirani wa upande wa kushoto, mwenye ngazi ndefu kuliko zote kijijini, ya kuchumia cheri.

"Bibi Velika, huyo paka wako anaimba nini?"

"Amekwama. Hebu niletee ngazi, Gancho."

"Hilo tu? Kesho asubuhi, jua likichomoza, niko hapa. Wewe weka kahawa motoni."

"Leo huwezi?"

"Leo nimeshavua viatu."

Mti ukalia, kama kitanda kinavyolia mtu mzito akigeuka, ukarefuka kiasi cha mkono. Pisana akapanda nao. Bibi Velika aliona. Akafunika pilipili zake, akaenda kusaga kahawa.

Asubuhi kahawa ilichemka, ikapoa, ikachemshwa tena, akainywa mwenyewe. Gancho alikuwa amekwenda kutengeneza pombe yake ya plamu, kwa kuwa mtambo kijijini ni mmoja na zamu ikikupita unangoja mwakani. Jioni alirudi amechangamka, mashavu yamemwiva, akaegemea uzio.

"Nimekusahau, Bibi, nipige makofi! Lakini kesho, kesho hata mbingu zianguke!"

Mti ukarefuka tena, safari hii zaidi, kwa sababu ya mbingu.

Watu husema ahadi ni deni. Krushitsa ahadi ni adabu tu, kama kumwambia mgonjwa kwamba amenawiri. Mtu akikuomba kitu humwambii hapana. Hapana ni neno la wakorofi na la watu wa mjini. Bibi Velika mwenyewe alilelewa hivyo, na katika maisha yake alikuwa amewaahidi watu wengi mbegu za nyanya.

Alivaa kitambaa chake kizuri akaenda kwa Tsonko, meya wa kijiji. Tsonko alikuwa mtu mwema, hajapata kumnyima mtu neno zuri. Alimwekea kiti, akamuuliza habari za miguu, akapiga simu mjini kwa zimamoto papo hapo, yeye akisikia.

"Wanasema gari linakuja, Bibi. Lile lenye ngazi."

"Lini?"

"Wamesema linakuja. Na mimi nitalifuatilia mwenyewe. Nakupa neno langu."

Bibi Velika aliporudi nyumbani, mti ulikuwa umeupita mdomo wa bomba la moshi la Gancho. Pisana alikuwa juu kabisa, ameukumbatia mti kama mtoto aliyekumbatia shingo ya babaye.

Majira hayo watu huangusha jozi kwa fito ndefu. Bibi Velika alifunga kipande cha soseji kwenye ncha ya ufito wake akampelekea Pisana. Zimamoto walipopigiwa tena wakasema gari liko njiani, alifunga fito mbili pamoja. Gancho alipoapa kwa roho ya mama yake, alifunga tatu. Ufito wa tatu ulipinda kama mkia wa ng'ombe, soseji ikaponyoka, ikaliwa na mbwa wa Gancho, ambaye mwezi huo alinenepa sana. Tangu hapo Pisana aliishi kwa kile alichokipata huko juu, mayai yaliyosahauliwa viotani pamoja na ndege wadogo wasioangalia wanapotua, navyo havikuwa vingi. Ukimtazama kutoka chini alikuwa mdogo kama soksi iliyopeperushwa kutoka kwenye kamba.

Jozi nazo ziliiva na kuanguka zenyewe. Kwa kuwa zilitoka mbali, zilifika kwa nguvu.

"Bibi Velika!" Gancho alipiga kelele uani kwake. "Mti wako umenibonyeza gari! Tazama paa!"

"Ngazi, Gancho."

"Ngazi inakuja! Nimekwambia inakuja, au hunijui?"

Mti ukalia, ukarefuka, na jozi nyingine ikapiga kioo cha nyuma.

Kijiji hakikujali sana mpaka wafu nao walipoanza kupanda, kwa maana shina lilikuwa likivutika lote na matangazo yakienda nalo. Dona, mjane anayeuza mishumaa kanisani, alisimama langoni na mkoba mkononi, shingo ameirudisha nyuma.

"Velika, Petko wangu yuko usawa wa waya za umeme. Jumamosi anatimiza nusu mwaka. Nani atamsoma kule?"

"Na paka wangu je, Dona?"

"Paka habandikwi. Jana bwana mmoja wa kijiji cha pili kaniuliza, Petko hajambo? Ikabidi nimwambie kwa mdomo, mbele za watu, kama mtangaza mnada. Nikaona haya!"

Dona alipokwenda kulalamika kwa meya, mambo yalifanyika siku ile ile. Alasiri Gancho alikuja na ngazi yake ndefu begani, na Tsonko akaishika chini kwa mikono yake mwenyewe. Gancho alipanda akambandua Petko, akambandua Danail, akambandua mwalimu mzee na wale mapacha waliokufa vitani, akawarudisha wote chini usawa wa macho, kwa pini mpya. Bibi Velika alisimama kando amekunja mikono ndani ya aproni.

"Gancho, mwanangu, sasa ngazi ipo. Ongeza kidogo tu."

Gancho alitazama juu, akatazama ngazi, akajifuta jasho.

"Paka ni kesho, Bibi. Leo ni wafu. Usichanganye mambo."

"Kesho kweli," akasema Tsonko, akimpapasa bega. "Tutakuja wote wawili."

Walikuwa wawili, kwa hiyo mti ulirefuka mara mbili. Petko na Danail walirudi kule kule walikotoka, na Dona akaanza kulia upya. Bibi Velika aliingia ndani, akafunga mlango, akapiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka. Hakuna aliyemsikia ila saa ya ukutani, ambayo ilisimama kidogo kisha ikaendelea.

Siku ya Mtakatifu Dimitri ilipita na baridi ikaingia. Asubuhi moja alipita mnunuzi wa vyuma chakavu, na farasi wake na kipaza sauti chake: mabetri, majiko mabovu, mabomba. Hakuwa mtu wa Krushitsa. Bibi Velika alimwita amwonyeshe jiko la zamani lililoko ghalani, na mnunuzi alipokuwa akilisukuma kwenye mkokoteni wake Bibi akamuuliza, kwa mazoea tu, maana alikuwa ameshawauliza wote.

"Kaka, wewe huwezi kunipandia mti huu? Paka wangu yuko juu."

Mtu yule alitazama juu mpaka kofia ikamwanguka.

"Siwezi mama."

"Hata kesho?"

"Hata kesho, hata mwakani. Mgongo wangu mbovu, na huko juu hata ungekuwa mzima nisingekwenda. Nisikudanganye, mimi siji."

Mti ukashusha pumzi. Ulishuka kama ng'ombe anavyolala, kwanza upande mmoja kisha wa pili, ukasimama pungufu kwa urefu wa mtu mzima. Huko juu Pisana akanyamaza. Mnunuzi aliokota kofia yake, akauliza bei ya jiko, na Bibi Velika akamwambia achukue tu.

Basi sasa alijua la kufanya, na kujua huko ndiko kulikomwudhi zaidi. Alianza na Gancho.

"Gancho, sitaki tena ngazi. Nataka useme huji."

"Nisije? Mimi?" Gancho aliweka chini kikombe chake. "Bibi, nimekukosea nini? Nimekula mikate yako tangu sina meno!"

"Hujanikosea. Sema tu, Bibi Velika, mimi siji."

"Watu watasema nini? Ngazi ninayo, mikono ninayo, nimwambie mzee wa watu siji? Nakuja! Haki ya Mungu nakuja, tena Jumatatu!"

Mti ukalia nyuma yao. Bibi Velika alitoka bila kuaga.

Tsonko alisikiliza kwa makini zaidi, kama ilivyo desturi yake.

"Nakuelewa, Bibi. Lakini mimi ni meya. Meya hawezi kusema gari haliji. Naweza kusema linashughulikiwa."

"Hilo ndilo linalourefusha, Tsonko."

"Basi nitasema linashughulikiwa polepole."

Mti ukarefuka polepole. Dona naye alisema Mungu apishie mbali, yeye si mtu wa kumkatalia mwenzake, na kwamba angewasha mshumaa kwa ajili ya paka. Hapo mti ulirefuka kwa upana wa kidole tu, kwa kuwa mshumaa huo aliuwasha kweli, ingawa ulikuwa kipande.

Usiku theluji ya kwanza iliangukia matawi ya juu peke yake, kwa kuwa huko ilikuwa ni majira mengine. Sauti ya Pisana ilikuwa imekuwa nyembamba. Siku za upepo ilisikika hadi kijiji cha pili, nao wakauliza ni paka wa nani asiye na mwenyewe. Neno hilo lilimfikia Bibi Velika dukani, akarudi nyumbani bila mkate.

Akaketi dirishani akautazama mti vizuri, kama mtu anavyomtazama mkwe siku ya kwanza. Akakumbuka kwamba hata kabla ya Pisana kukwama ulikuwa tayari mrefu kuliko miti yote ya jozi ya wilaya ile. Watu walisema ni udongo. Lakini Milko alipoondoka kwenda Uhispania kufanya kazi za ujenzi, mti ulikuwa mfupi. Alikwea akakata tawi lililokuwa likikwaruza paa, akashuka na begi lake likawa tayari langoni. Tangu siku hiyo alipiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Na Jumapili haikupata kupita hajasema kwamba anakuja.

Jumapili ilipofika Bibi Velika alikula maharage yake, akaosha sahani, akaikausha, akaketi mbele ya simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Milko, Pisana yuko juu ya mti."

"Bado? Si ulisema Gancho analeta ngazi?"

"Analeta. Milko, nataka uniambie kitu kimoja. Niambie huji."

"Siji wapi?"

"Nyumbani. Pasaka."

Kule Uhispania gari likapita, mtu akacheka mbali.

"Mama, nani kakwambia siji? Pasaka nakuja. Nimeshamwambia bosi."

Nje mti ulilia kama mlango wa kanisa. Vigae vilitetemeka.

"Bosi umemwambia kila mwaka," akasema Bibi Velika. "Mkate wa Pasaka wa mwaka juzi niliuloweka nikawapa kuku. Wa mwaka jana kuku wenyewe waliukataa. Mayai nayapaka rangi nyekundu, nayapanga kwenye bakuli la babako, nayatazama mpaka yananuka. Mimi sikugombezi, mwanangu. Nakuomba useme tu. Baridi imeingia, paka atakufa."

"Kwa hiyo paka ni bora kuliko mimi?"

"Paka yuko juu ya mti wangu. Wewe uko wapi?"

"Mama, usinifanyie hivi Jumapili!"

"Siku nyingine hupigi!"

Alikuwa hajamfokea Milko tangu alipokuwa mtoto, alipovunja kioo cha shule. Milko alivuta pumzi, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya babake.

"Haya. Siji. Umefurahi? Siji Pasaka, mama. Na mwakani siji. Nina maisha huku, nina mtu, ana watoto wake. Kila nikifikiria ile barabara na zile nyumba zimefungwa, miguu inakataa. Sijui kama nitarudi. Siji."

Akakata simu.

Mti ulishuka. Ulishuka muda mrefu, ukilia kiungo kwa kiungo, ukapita bomba la moshi la Gancho, ukapita vigae, ukapita dirisha la jiko, mpaka tawi la chini likalala juu ya uzio. Ukawa mti wa jozi wa kawaida, tena mdogo, ambao unaweza kuukuta kwenye ua wowote. Pisana alikanyaga uzio, akanyoosha mguu mmoja wa nyuma, akashuka, akampita Bibi Velika mlangoni bila kumwamkia, akaenda moja kwa moja kwenye kisahani. Alikunywa maziwa yote. Masikio yake yalikuwa na barafu kwenye ncha.

Watu walikuja kutazama. Dona alimkuta Petko usawa wa macho, akamnyoosha pembe ya karatasi. Tsonko alisema hayo ndiyo matunda ya ufuatiliaji. Gancho alisimama chini ya mti na ngazi yake begani, amenuna.

"Si ungengoja, Bibi? Nilikuwa ndiyo kwanza nakuja."

Bibi Velika aliwashukuru wote, akawapa kila mmoja chupa ya pilipili. Kisha akaingia ndani, akamweka Pisana mapajani, akakaa. Hakuwasha taa. Paka alikuwa mwepesi kama kofia.

Kesho yake, Jumatatu, ilikuwa siku ya jua. Alifungua dirisha la jiko ili moshi utoke, na Pisana akalala juu ya kizingiti chake, mkia umening'inia nje, karibu na mti. Bibi Velika alikuwa akichagua maharage, mabovu kushoto, mazima kulia, simu ilipolia. Haikuwa siku yake. Aliivuta miwani, akasoma jina.

Aliiacha ilie. Akaenda dirishani, akamnyanyua Pisana kwa mikono miwili, akamweka ndani. Akafunga dirisha, akashusha komeo. Akaenda kufunga na mlango. Ndipo akafuta mikono kwenye aproni na kupokea.

"Mama? Jana nilikuwa na hasira. Yale maneno usiyaweke moyoni."

"Sijayaweka."

"Nilikuwa nimechoka tu. Pasaka nakuja. Safari hii kweli, mama. Naahidi."

Nje mti ulianza kulia.

"Haya, mwanangu," akasema Bibi Velika. "Mkate nitie zabibu kavu, au nisitie?"

"Tia. Tia nyingi."

"Nitatia nyingi."

Dirishani alipita kwanza mwalimu mzee, kisha mapacha, kisha Petko wa Dona na pembe yake iliyonyooshwa. Pisana aliwatazama kupitia kioo, akapiga miayo. Wa mwisho alipita Danail, na tai yake ya kuazima, akielekea juu.